Ufunguo wa Luhende Maganga

Kobe aligoma tena.

"Haiwezi kufungua. Hakuna ufunguo wa siri," Luhende alisoma kwenye kioo cheusi, na neno "hakuna" likamkera kama kokoto ndani ya kiatu. Akabonyeza upya. Kobe akafikiri kidogo, akajibu yale yale kwa maandishi yake ya kijani, bila kubadilisha hata nukta.

"Inasemaje?" aliuliza babu yake. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameupakata mkoba wake kama mtu aliye stendi.

"Inasema subiri."

"Inasema subiri, au wewe ndiye unayesema subiri?"

Luhende akakuna kichwa. "Mimi ndiye nasema, Babu. Yenyewe inasema haina ufunguo."

"Basi niambie kile ilichosema. Wa kunilainishia wapo tayari."

Kobe lilikuwa jina waliloipa ile programu ya barua. Programu ya kizamani bwana, haina picha, haina rangi, hakuna cha kugusa wala cha kuburuza. Maandishi matupu, na herufi za kubonyeza: hii inafungua barua, hii inajibu, hii inafuta, basi. Vijana wenzake wa kambi ya Mirihi walimcheka sana kwa ajili ya kile kioo. Walimwuliza kama babu yake alikitoa kwenye safina. Lakini Kobe alikuwa na kitu kimoja ambacho chombo kingine chochote pale kambini hakikuwa nacho. Mlainishaji hakuweza kuingia ndani ya gamba lake.

Kwingine kote aliingia. Kila neno lililopita kwenye waya wa kambi, la sauti au la maandishi, Mlainishaji alilipitia kwanza, akaling'oa miba, ndipo likakufikia. Waliomtengeneza walisema mtu aliye mbali na kwao hafai kushtuliwa, maana akishtukia Mirihi hana pa kukimbilia. Hata dakika hiyo kipaza sauti cha koridoni kilikuwa kikisema, kwa sauti ya mama anayebembeleza mtoto, "Abiria wapendwa, lango linaelekea kupumzika." Maana yake ni kwamba saa kumi lango linafungwa, chombo kinaondoka kurudi Duniani, na atakayebaki amebaki. Kingine ni baada ya miaka miwili.

Luhende mguu ulikuwa unacheza wenyewe chini ya meza. Kiti kilikuwa kimoja. Kambi ilimpa mzee kile kiti kwa utumishi wake, yeye akiwa mmoja wa wale wa kwanza kabisa waliokuja kuchimba, na wiki nzima hii wawili hao walikuwa wamekizunguka kama kuku wawili na funza mmoja. Mwishowe wakaelewana. Bibi Kabula, kule Sikonge, alikuwa anaumwa. Mlainishaji alisema ni "homa ndogo yenye adabu." Sasa ni kungoja barua yake mwenyewe, iliyofungwa kwa kufuli, itakayopita kwenye waya bila kuguswa na mtu. Kama bibi ni mzima, kiti ni cha kijana, ana maisha marefu mbele. Kama bibi ni mgonjwa kweli, mzee anapanda, akamwuguze mke wake.

Barua imeingia asubuhi. Na haifunguki.

"Nipe hirizi yako, Babu. Nianze moja."

Mzee akaivua shingoni. Kijipande cha chuma, ukubwa wa kokwa la tende. Kila mtu kambini alikuwa nacho, na watu walikiita hirizi kwa sababu kilivaliwa shingoni, na pia kwa sababu bila hicho wewe si mtu: mlango haukufunguki, chakula hupewi, jina lako halisomeki popote. Ndani yake unakaa ufunguo wako wa siri. Anayetaka kukuandikia anachukua kufuli lako, ambalo umeligawa kwa kila mtu, anaibana barua. Kufuli likishajifunga, hata yeye mwenyewe aliyeifunga hawezi kuifungua tena. Ni wewe tu na hirizi yako. Na ule ufunguo hautoki humo, haunakiliwi. Ni kama mdomo, unautumia lakini huwezi kuuchonga wa pili.

Luhende akaipuliza vumbi, akaichomeka. Kobe akaitambua. Sawa, si uchafu.

"Neno la siri."

Mzee akasogea, akaweka vidole kwenye vibonyezo. Macho yake yalikuwa na ukungu siku hizi, hasomi chochote, ila vidole vilijua njia. Luhende akageuza uso ukutani, ndiyo ilikuwa adabu yao. Akasikia tak-tak-tak. Kobe akakubali neno. Sawa, si neno.

Akamwangalia wakala. Huyo ni kijiprogramu kingine kilichojificha nyuma ya Kobe, kazi yake kushika neno la siri ili usiliandike kila mara, na tabia yake ni kulala kazini. Luhende akamwua, akamfufua. Bado. Akatazama saa. Saa ya Mirihi na ya Duniani hazipatani, na Kobe akiona kufuli lililotengenezwa "kesho" analikataa. Saa ilikuwa nzima. Akafungua lile faili la maagizo, akapita mstari kwa mstari na kidole chake kwenye kioo. Kila kitu kilikuwa pale alipokiacha.

"Unapumua kama ng'ombe," alisema babu yake.

"Inanitia hasira."

"Mwenyewe bibi yako ndiye aliyetufundisha hii programu, akiwa na mtoto mgongoni. Hakupumua hivyo."

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja ambacho watu huwa hawakiangalii, kwa sababu hakuna anayefikiri kinaweza kukosewa. Barua iliyofungwa haikuonyeshi yaliyomo, lakini bahasha yake, ukijua kuuliza, inakuambia ni kufuli gani limeibana. Akauliza. Kobe akatoa namba ndefu, tarakimu na herufi zimechanganyika. Akailinganisha na namba ya hirizi ya babu yake.

Hazikufanana.

Akaisoma tena ile ya kwenye barua, polepole, na mguu wake ukaacha kucheza. Aliijua. Ilikuwa imebandikwa kwenye dawati lake miaka yote ya shule. Ilikuwa chini kabisa ya cheti chake alichopewa mwezi uliopita.

Ilikuwa namba yake yeye.

Hapo akaelewa, karibu acheke. Kwao, Luhende anamzaa Maganga, Maganga anamzaa Luhende, ndivyo ilivyokwenda tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Kwa hiyo babu ni Luhende Maganga, na mjukuu ni Luhende Maganga, wa Sikonge wote, na makarani wa kambi walishalalamika mpaka wakachoka. Mzee aliwajibu kwamba mashine ijifunze heshima. Sasa bibi kule nyumbani ameandika barua, ameandika jina la mume wake, Kobe wake akamletea majina mawili yanayofanana, lile jipya juu. Bibi akabonyeza la juu. Nani angekagua namba, wakati jina la mume wake analiona kwa macho yake?

"Wajina," aliita mzee. "Mbona umenyamaza?"

"Ngoja nijaribu kitu."

Akachomoa hirizi ya mzee. Akavua yake, akaichomeka, akaandika neno lake la siri.

Barua ikafunguka kama mlango uliokuwa haujafungwa.

*

"Baba Maganga," iliandika.

"Nakuandikia kwa vidole vyangu, Sayi wa jirani amenishikia mto mgongoni tu. Hao wanaokuambia nina homa ndogo wanakuongopea. Ni damu, imekuwa maji. Daktari wa hapa ni binti mdogo, mkali, hana maneno ya pembeni. Amesema mvua hizi ndizo zangu za mwisho. Nikamshukuru, maana angalau najua nijiandae vipi.

"Sasa nisikilize. Usije. Zile picha za mifupa yako walizokupiga huko nilimwonyesha, akazitazama, akaniuliza huyu mtu bado anatembea? Mifupa yako imekuwa mabua. Mmekaa miaka yote kwenye uzito mwepesi, na ninyi wa kwanza hawakuwazungusha kwenye lile pipa wanamozungushwa watoto ili mifupa ikomae. Anasema chombo kikianza kushuka, uzito wa nyumbani utakuvunja mbavu hata mkanda hujafungua. Nani atakuambia hivyo huko? Najua wamekuambia mifupa yako imetulia.

"Mtume mtoto. Aje mume wangu mdogo. Mimi hatanikuta, lakini mlango ataukuta wazi."

Kulikuwa na maneno mengine chini. Luhende akayasoma, akapata moto masikioni, akaruka macho mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena kuanzia "Ni damu."

"Imefunguka?" aliuliza mzee.

"Inafunguka. Bado kidogo."

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa kabla hajasema karibu. Alikuwa Nyamizi, mlinzi wa lango, jirani yao wa chumba cha tatu, mama wa makamo mwenye mdomo wa wembe na sare ambayo hakuwahi kuifunga kifungo cha juu.

"Shikamoo, shangazi," alisema Luhende.

"Marahaba. Ninyi wajina wawili, nani anapanda? Nimeshapitisha watu wote, kimebaki kiti chenu, na yule anayebembeleza kwenye kipaza sauti ananitia kichefuchefu."

"Tunasoma barua ya mke wangu," alisema mzee.

"Someni upesi. Mapenzi hayasogezi saa." Akaondoka, viatu vyake vikisikika koridoni.

Luhende akabaki ameshika ukingo wa meza. Yaani jambo lilikuwa rahisi mpaka linaogopesha. Aseme tu, "Bibi ni mzima, Babu, anakusalimu." Basi. Kila kitu kinakaa mahali pake. Mzee habaki na uchungu, hapandi chombo kitakachomwua, na yeye kijana anakwenda kuona mvua. Hakuwahi kuona mvua. Alizaliwa ndani ya kuta hizi, alishakanyaga kila korido mpaka miguu ikachoka kujua inakwenda wapi. Na mtu wa kumshika uongo hayupo. Ufunguo wake, macho yake.

Na kama akisema kweli? Mzee ni mbishi. Akisikia mke wake anakufa atapanda, mifupa au si mifupa. Kweli inaweza kumwua. Uongo unamwokoa. Mlainishaji mwenyewe asingepata kesi nyepesi kuliko hii.

Hapo ndipo kilipomchoma. Mlainishaji mwenyewe.

Alikuwa mtoto wa miaka sita shimo lilipowafunika wachimbaji. Sauti ya kipaza ilimwambia, kwa upole mwingi, "Baba yako amechelewa kurudi." Mama alishakufa zamani, wakati wa kumzaa. Kwa hiyo Luhende akamwekea baba ugali, akaufunika kwa sahani. Kesho yake akauona umekauka akaumwagia maji. Akaendelea kuusubirisha mpaka ukaota ukungu wa kijani, na kila akiuliza, sauti ilimjibu ile ile, amechelewa, amechelewa kidogo. Ni babu yake huyu, aliyetoka zamu ya mbali, aliyeingia akaichukua ile sahani, akaiweka chini, akamkalisha mapajani akamwambia, "Maganga amekufa." Luhende alimpiga ngumi za kifua mpaka akachoka. Ila usiku ule ndio wa kwanza aliopata usingizi.

"Babu. Imefunguka kwa ufunguo wangu mimi."

"Wako?"

"Bibi alichagua Luhende siye."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Umeniibia mke miaka kumi na minane, kila salamu 'mume wangu mdogo, mume wangu mdogo.' Sasa na barua. Haya mwizi, soma."

Luhende akasoma. Alisoma la damu, alisoma la mvua za mwisho. Kicheko cha mzee kikakatika. Alisoma la mifupa, la mabua, la mbavu. Alisoma "Mtume mtoto." Akamalizia na mistari ya mwisho: "Nimekuandikia barua nyingine, zimeshafungwa zote kama hii, nimezipanga foleni, kila mwezi itaondoka moja. Zikiendelea kuja usidhani bado nipo. Lakini zisome kama nipo."

Koridoni kipaza kilisema lango linahisi uchovu.

"Kwa hiyo mke wangu anakufa," alisema mzee, "lakini nisiende."

"Ndivyo alivyoandika."

"Uende wewe."

"Ndivyo alivyoandika, Babu."

"Na ufunguo ni wako. Na macho ni yako." Mzee aligeuza uso kwake, ule ukungu wa macho ukimtazama na kutomtazama. "Ningekuwa hakimu, ningekufunga."

"Najua."

"Si kwamba nakuita mwongo. Nasema tu ningekuwa hakimu." Akaushika mkoba vizuri, akaanza kuinuka, akiegemea ukuta. "Nimwite Nyamizi aje aisome?"

"Hapana."

Lilimtoka haraka mno, na wote wawili wakalisikia jinsi lilivyotoka. Mzee akasimama pale pale, nusu amenyooka.

"Kwa nini hapana?"

"Kwa sababu..." Luhende akapapasa maneno. "Kuna mambo si ya Nyamizi."

"Umeruka mahali."

"Babu—"

"Mimi na yule mwanamke tumeoana kabla baba yako hajawa hata wazo. Hajawahi kuniandikia barua bila kunicheka. Hiyo uliyonisomea haina kicheko hata kimoja. Ama umeitunga, ama umeruka." Akakaa tena, kwa nguvu, kitanda kikalia. "Soma ulichoruka."

Luhende alijifuta viganja kwenye suruali. Mbele ya baba mtu, angekufa kwanza kuliko kusoma maneno yale. Lakini huyu ni babu, na babu na mjukuu ni watani, na mtani hana haya. Ndivyo alivyojiambia. Hata hivyo alisoma akitazama kioo tu.

"'Nakumbuka wiki ile tulipooana, ulivyokwenda kurina asali bila moshi ili unionyeshe kwamba nimepata mwanaume. Ukarudi nyuki wamekutia miiba mahali pa kukalia, huwezi kukaa, huwezi kulala chali. Nikakutoa mmoja mmoja kwa mwanga wa simu, wewe kifudifudi unalia kama ndama, mimi nimejiziba mdomo na kanga ili nisicheke, na nje wajomba zako wanaulizana mbona bwana harusi hatoki, ana nguvu gani huyu. Tukasema malaria. Mpaka leo Sikonge nzima inajua ulioa na malaria. Sijamwambia mtu. Ila ndiyo siku niliyokupenda, Baba Maganga. Kabla ya hapo nilikuwa nimekubali tu.'"

Halafu sauti ndogo kama ya birika linaloanza kuchemka, na Luhende alipogeuka akaona babu yake anacheka, mkoba umeanguka, mikono imeshika mbavu zake za mabua. Alicheka mpaka machozi yakashuka, na katikati ya kile kicheko kitu kikageuka, na machozi yakaendelea kushuka yenyewe, kicheko hakipo.

"Alikuwa amekubali tu," alisema. "Kumbe. Miaka yote hii nilidhani ni ile siku nilipocheza ngoma."

Luhende akaenda akakaa karibu naye, bega kwa bega. Kipaza kikasema tena kuhusu lango.

"Ungeniambia tu kwamba anakufa, ningepanda," alisema mzee mwishowe. "Ungeniambia ni mzima, ningebaki na furaha zangu za kijinga. Sasa najua anakufa, na najua kwamba nikimfuata nitafika nimevunjika. Umenipa vyote viwili." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Asante. Chukua mkoba uende. Ndani kuna shati la heshima, linakutosha."

Luhende akauinua mkoba. Akaufikisha mlangoni. Akasimama.

"Nini tena?"

"Zile barua nyingine, Babu. Amesema zimefungwa zote kama hii. Zipo kwenye foleni."

"Zije. Zitanikuta."

"Zitakuja kwa kufuli langu. Nikiondoka na hirizi yangu, kila mwezi Kobe atakuambia hakuna ufunguo. Hata tukimwandikia leo, yeye mwenyewe hawezi kuzifungua azifunge upya. Na ndani ya chombo hakuna barua mpaka kifike, miezi saba."

Mzee akafumba macho. Alionekana mzee ghafla, mzee kuliko asubuhi.

"Basi nisizisome," alisema.

"Nibaki mimi. Nikusomee."

"Huwezi kubaki. Mke wangu amesema uende, hilo ndilo neno lake la mwisho lenye kazi. Hulivunjii ndani ya chumba changu." Akatikisa kichwa. "Na hirizi huwezi kuiacha. Bila hirizi lango halikujui. Utasimama pale kama mfuko."

Luhende alikuwa anatembea sasa, mlangoni mpaka mezani, mezani mpaka mlangoni, hatua zake zile zile alizochoka nazo. Juu ya meza, karibu na Kobe, ilikuwa imelala hirizi ya mzee, pale alipoichomoa.

"Kiti kimeandikwa jina gani?" aliuliza.

"Langu. Luhende Maganga." Mzee akainua kichwa. Halafu taratibu, "Eh. We mtoto."

"Lango linasoma hirizi. Hirizi inasema Luhende Maganga. Kiti kinasema Luhende Maganga."

"Inasema na umri. Na ni kosa, unajua ni kosa. Hirizi ya mtu haivaliwi na mwingine."

"Najua."

"Na cheti chako kimo ndani ya yako. Umesoma miaka yote hiyo. Ukifika Duniani utakuwa mzee mstaafu wa miaka sabini na moja, hujasoma, ulioa na malaria."

Luhende alikifikiria kile cheti. Kilikuwa kitu pekee alichowahi kukimaliza. "Cheti kibaki kikufungulie barua," alisema. "Huko nitasoma tena."

"Na nani atanisomea? Macho ndiyo haya."

"Nyamizi."

"Atacheka."

"Si ndivyo bibi alivyotaka?"

Mzee aliinama kwa muda mrefu kuliko saa ilivyoruhusu. Kisha akanyoosha mkono, kiganja wazi. Luhende akachomoa hirizi yake kwenye Kobe, akamvalisha babu yake. Akachukua ile ya mzee, akaivaa. Ilikuwa nzito kidogo, au alidhani tu. Akamnong'oneza mzee neno lake la siri, na mzee akaguna, "Nimechoka na huu mchanga? Hilo ndilo neno la siri au mashtaka?"

"Na lako?"

Mzee alisita. Miaka yote hiyo Luhende aligeuzia uso ukutani vile vidole vikiliandika.

"Nyuki hawana adabu," alisema mzee.

*

Kwenye lango kulikuwa na taa nyeupe, na nyuma ya kioo kinene chombo kilikuwa kinatoa mvuke. Nyamizi alisimama karibu na kisomaji, mkono kiunoni. Alipomwona kijana na mkoba wa mzee akaangalia nyuma yake, koridoni, asione mtu.

"Ni wewe basi," alisema. "Bibi ni mzima?"

"Bibi anakufa."

Nyamizi akamtazama vizuri. Hapa kambini watu hawakuongea hivyo. Neno lile lilikuwa na miba yake yote. "Pole," alisema, na sauti yake ikashuka.

"Babu anakuomba kitu. Kila mwezi itaingia barua. Umsomee. Usiruke hata mstari, hata ukiona haya."

"Nitamsomea. Lakini barua za kufuli si zinafunguliwa na..." Akaishia hapo. Macho yake yakashuka kifuani kwa Luhende, kwenye ile hirizi iliyokwaruzika, yenye uzi mweusi ambao kambi nzima iliufahamu. Akaonyesha kisomaji kwa kidevu.

Luhende akaiweka.

Kioo kikawaka. Luhende Maganga. Umri, miaka sabini na moja. Hali ya mifupa, imetulia. Na sauti ile ya kubembeleza ikasema, "Karibu, mzee wetu. Umefanya kazi njema, pumzika." Chini yake kikaja kibonyezo kimoja, cha mlinzi kuthibitisha kwamba msafiri anayemwona ndiye huyo.

Nyamizi alisoma kile kioo kuanzia juu mpaka chini. Akamtazama Luhende, kidevu ambacho hakijaota ndevu vizuri, kovu la kuanguka ngazini ambalo yeye mwenyewe alilifunga kitambaa. Kidole chake kilikaa juu ya kibonyezo, hakikushuka. Ndani ya chombo mtu aliita kwamba mlango, mlango. Luhende alitaka kusema lolote, aombe, aeleze, na akajizuia, kwa sababu alichokuwa nacho cha kusema ni kweli, na kweli ingemlazimisha mama wa watu kuchagua kwa sauti.

Nyamizi akashusha kidole. Akakibonyeza. Kisha akafunga kile kifungo cha juu cha sare yake, akainamisha kichwa kidogo, namna mtu anavyofanya mbele ya aliyemzidi umri.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Lango lilikuwa limeanza kusogea.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Luhende Maganga, akapita.